Kinanda kinalia vizuri, rekodi ndiyo mbovu: dalili, sababu na tiba

Mpiga kinanda wa kwaya, kijana anayejifunza chumbani kwake, mkongwe wa taarabu ya kisasa mwenye kinanda cha mamilioni: wakiwa na shida ya kurekodi, maneno yao yanafanana. "Nimebonyeza REC, nimepiga wimbo mzima, nikisikiliza hakuna kitu." Au kuna mvumo. Au piano imesinyaa na besi imetoweka. Hapa nimeyapanga malalamiko hayo kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi imetangulia na ya nadra iko mwisho. Fuata mpangilio huo, na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya, programu na soketi kwa pamoja, hata shida ikiisha hutajua ilikuwa wapi, na Jumapili ijayo itarudi.

## Kwanza jua unarekodi nini

Kuna kurekodi sauti, na kuna kurekodi MIDI. Faili la sauti, kwa mfano WAV au MP3, limebeba mawimbi yenyewe, na litasikika vilevile kwenye simu yoyote. MIDI, mfumo uliotoka mwaka 1983, haina sauti hata chembe. Inabeba taarifa za vidole vyako tu: ni noti ipi kati ya 0 na 127, imegongwa kwa nguvu gani, imeachiwa lini, iko kwenye chaneli ipi kati ya 16. Sauti anaitengeneza yule anayeisoma.

Vinanda vingi vinafanya yote mawili, na kitufe cha REC hakikuambii kiko upande upi. Kwenye vinanda vidogo vya Yamaha, ukibonyeza REC kikatokea "User Song", hiyo ni aina ya MIDI inayokaa ndani ya kinanda. Ukirekodi kwenye flashi na ukapata faili la WAV, hiyo ni sauti. Matatizo mengi yaliyo hapa chini huisha mtu akishajua ameshika lipi.

Kipimo cha pili hakigharimu kitu. Chomeka hedifoni moja kwa moja kwenye kinanda, upige. Kama ubaya unausikia hapo hapo, shida iko ndani ya kinanda au kwenye umeme wake. Kama hedifoni ni safi, achana na kinanda. Shida iko mbele: kwenye waya, miksa, simu au kompyuta.

## Rekodi ni kimya kabisa

Sababu ya kwanza, na inaongoza kwa mbali: programu inasikiliza mlango mwingine. Umechomeka kinanda, lakini Audacity, programu ya kurekodi sauti, bado inachukua maiki ya kompyuta. Gonga kidole karibu na maiki ya kompyuta. Mshale wa sauti ukicheza, umepata jibu. Nenda kwenye orodha ya vifaa vya kuingiza sauti, chagua kinanda au kiolesura chako (kile kifaa cha kuingizia sauti kwenye kompyuta au simu). Jambo moja linalosumbua wengi: programu nyingi husoma orodha hiyo zinapofunguliwa tu. Kama ulichomeka kinanda baadaye, funga programu uifungue upya.

Pili, waya wa USB uko sawa lakini unapitisha MIDI peke yake. Si kila kinanda chenye tundu la USB kinatuma sauti kupitia hapo. Yamaha PSR-E373, kwa mfano, hutuma sauti na MIDI kwa waya huo huo, huku vingine vikituma MIDI tu. Audacity haina uwezo wa kurekodi MIDI, kwa hiyo ukikiunganisha kinanda cha aina hiyo nayo utasubiri mpaka asubuhi. Tumia Reaper, Cubase, GarageBand, FL Studio au nyingine inayopokea MIDI, na ndani yake uwashe kinanda kwenye mipangilio ya MIDI. Kisha weka ala, yaani chombo cha muziki kilicho ndani ya programu, kwenye traki hiyo. Mistari ya noti ikionekana kwenye skrini bila sauti, MIDI imefika salama, kinachokosekana ni ala ya kuipiga.

Tatu, waya wenyewe. Zipo nyaya za USB za kuchajia tu, hazina nyuzi za data ndani, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Kompyuta isipotoa ishara yoyote unapochomeka, jaribu waya unaojua kwamba umewahi kuhamisha faili. Kwenye vinanda vingi tundu ni la mraba kama la printa, hivyo waya wa printa unafaa kabisa.

Nne, kwa wanaotumia simu: umechukua waya wa AUX wa kawaida ukaunganisha tundu la hedifoni la kinanda na la simu. Hauwezi kufanya kazi. Tazama pini ya waya huo: ina mistari miwili myeusi, maana yake ni kushoto, kulia na ardhi, na kwa simu pande zote mbili ni za kutoa sauti. Tundu la simu linapokea sauti kwa mguso wa nne, ule wa maiki, na pini yake ina mistari mitatu. Hata ukipata adapta ya kugawa, mlango wa maiki unategemea umeme mdogo mno, na kinanda kitaupasua. Nunua kiolesura kidogo cha simu chenye kitufe cha kupunguza sauti, au kama kinanda chako kinatuma sauti kwa USB, tumia adapta ya OTG, ile inayounganisha kifaa cha USB na simu.

Kama kinanda chenyewe ndicho kimenyamaza baada ya kufungua programu, tafuta kipengele cha Local Control kwenye mipangilio. Kikiwa Off, vibonyezo vinatuma MIDI tu bila kuilisha sauti ya ndani. Mtu anaweza kupeleka kinanda kwa fundi kwa kitu hiki, akalipia kuwashiwa swichi.

## Mvumo, mzizimo, "tiki-tiki-tiki"

Hapa ndipo watu hupoteza pesa nyingi kwa kununua vitu visivyohitajika, kwa hiyo twende taratibu. Sikiliza kwanza ni kelele ya namna gani.

Mvumo mzito wa chini, usiobadilika hata ukinyamaza: huo ni umeme wa gridi, ambao kwetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, ukiingia kwenye njia ya sauti. Mara nyingi unatokana na mzunguko wa ardhi, yaani kompyuta na kinanda, au miksa na kinanda, vinapata ardhi kwa njia mbili tofauti. Kipimo: chomoa chaja ya kompyuta, iendeshe kwa betri. Mvumo ukikatika papo hapo, umempata mhalifu. Kipimo cha upande wa pili: vinanda vidogo vingi hupokea betri za kawaida, PSR-E373 hutumia sita za ukubwa wa AA. Weka betri, chomoa adapta, sikiliza tena.

Tiba, kwa utaratibu. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, yenye ethi (waya wa ardhi). Bado? Rekodi ukiwa kwa betri ya kompyuta. Wimbo wa dakika tano hauimalizi. Bado? Pitisha waya wa sauti kwenye DI boksi (kijisanduku cha kuunganisha ala na miksa) yenye swichi ya kukata ardhi, au kitenganishi chenye transfoma ndani. Na kama kinanda chako kinatuma sauti kwa USB, tumia hiyo, sahau yote niliyosema: sauti inasafiri kama namba, na mvumo wa aina hii hauna pa kuingilia.

Onyo ambalo nalirudia kila mara: usivunje wala kukata pini ya ethi kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Kweli, mvumo unaweza kuisha. Lakini ile pini ndiyo inayokulinda kifaa kikileta shoti, na mpiga kinanda mara nyingi mkono mmoja uko kwenye kinanda na mdomo uko kwenye maiki ya chuma. Ukihisi mtetemo au kamshtuko midomoni unapogusa maiki, zima vyote ukutani, ita fundi umeme aliyesajiliwa akague ethi ya jengo. Usiendelee na ibada au shughuli kwa kusema "tutaangalia kesho".

Mzizimo mwembamba, wa juu, unaobadilika ukisogeza kipanya au ukifungua dirisha kwenye skrini: hiyo ni kelele ya ndani ya kompyuta, ikipita kwenye tundu lake la maiki. Kiolesura cha nje cha USB kinaimaliza. Ule mkwaruzo mkali kama nyuki, hasa unapotumia sola au jenereta, mara nyingi unatoka kwenye inveta ya bei nafuu isiyotoa wimbi laini. Hamia kwenye betri za kinanda wakati wa kurekodi, au utumie inveta ya wimbi safi. Taa za kupunguza mwanga na rigileta za feni hufanya vilevile: zima feni, sikiliza.

"Tiki-tiki-tiki, drrr": simu yako iko juu ya kinanda. Iweke kwenye hali ya ndege, au mbali kabisa.

Kelele ikiwepo hata kwa hedifoni kwenye kinanda kitupu, mtazame adapta. Adapta ya kubahatisha ya dukani ni chanzo kikubwa cha mzizimo. Vinanda vya Yamaha vya familia ya PSR-E hutumia volti 12, katikati ya pini ni chanya. Casio vingi vya zamani hutumia volti 9 na katikati ni hasi. Pini inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye kinanda kisicho chake, ikakiua. Soma mchoro mdogo wa duara ulio karibu na tundu la umeme, ulinganishe na ule wa kwenye adapta, kabla ya kuchomeka. Adapta ikichemka kiasi cha kushindwa kuishika, ikinuka, au ikitoa cheche, chomoa na usiirudishe. Usiifungue: ndani mna volti 230, na kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa.

## Sauti inapasuka au inakwaruza

Karibu kila mara kiwango kimezidi. Watu wanaweka volyumu ya kinanda mwisho, kisha wanapunguza upande wa kompyuta wakidhani wameponya. Wimbi likishakatwa kichwa mlangoni, kupunguza baadaye kunakupa mpasuko wa sauti ndogo.

Anza hivi: volyumu ya kinanda nusu. Piga sehemu kubwa kuliko zote za wimbo, ile ya kiitikio ambapo staili (mdundo wa kinanda unaojipiga wenyewe) iko kamili na mkono wa kushoto umejaa. Kisha pandisha mlango wa kurekodi mpaka vilele vifike kati ya −12 na −6 dB. Ndiyo, itaonekana ndogo kwenye skrini. Iache hivyo, kuikuza baadaye ni kazi ya sekunde moja, kuiponya iliyokatwa hakuna anayeweza kikamilifu.

Kama bado inapasuka huku mshale uko chini, kagua mlango. Kwenye miksa, kinanda kinaingia LINE, hakiingii MIC. Kwenye kiolesura chenye swichi ya INST na LINE, weka LINE, kwa kuwa INST ni ya gitaa. Kwenye Windows, angalia kama nyongeza ya maiki (Microphone Boost) imewashwa, izime.

Na kama mpasuko uko kwenye hedifoni ya kinanda yenyewe, punguza kwanza EQ ya jumla (marekebisho ya besi na sauti za juu) na madoido, uondoe sauti ulizopandisha juu ya nyingine. Sauti tatu zikipigwa pamoja na besi imeongezwa, kinanda kinaweza kujipasua chenyewe kabla hata ya kutoka.

## Piano imesinyaa, besi na ngoma zimetoweka

Dalili hii inawatisha watu kwa sababu kinanda kinasikika vizuri kabisa kwenye spika zake. Ukisikiliza rekodi, katikati pametobolewa: ngoma kubwa haipo, besi haipo, uimbaji wa piano umebaki kama mwangwi wa kanisa tupu. Mafundi wengine huanza kulaumu kompyuta.

Sababu ni waya. Tundu la PHONES la kinanda linatoa kushoto na kulia kwenye pini moja yenye mistari miwili. Ukiipeleka pini hiyo kwa waya wa stereo moja kwa moja kwenye tundu moja la miksa au kiolesura, tundu lile halijui habari ya kushoto na kulia. Limetengenezwa kupokea ishara moja iliyobebwa kwa nyuzi mbili zinazopingana, kwa hiyo linatoa upande mmoja kutoka kwa mwingine. Kila kilichokuwa sawa pande zote mbili, yaani kila kilicho katikati, kinajifuta. Besi na ngoma kubwa huwekwa katikati. Kinachobaki ni tofauti, na tofauti kubwa kati ya pande mbili ni mwangwi.

Tiba ni waya wa Y: upande mmoja pini kubwa ya stereo ya milimita 6.35, upande mwingine pini mbili za mono. Ziingize kwenye chaneli mbili, moja uisukume kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Kama una chaneli moja tu na kinanda chako kina matundu ya L/MONO na R nyuma, tumia L/MONO peke yake. Kinanda kitakuchanganyia chenyewe.

Dalili ya jirani yake ni sauti kusikika sikio moja. Hapo umetumia pini ya mono, yenye mstari mmoja, kwenye tundu la hedifoni: upande wa kulia unagusishwa na ardhi. Usiuzoee huo mtindo, unaulazimisha mlango wa kulia kufanya kazi kwenye shoti. Au waya ni sahihi lakini programu inarekodi mlango wa 1 na 2 kama traki moja ya stereo huku umechomeka mlango wa 1 pekee. Badilisha traki iwe ya mono.

Na waya ukiwa sahihi, lakini sauti inakuja na kuondoka ukiutikisa? Tundu limelegea. Kulichomea upya ni kufungua kinanda na kushika chuma cha kulehemu chenye moto karibu na bodi. Mpelekee fundi wa vinanda.

## Nabonyeza, sauti inakuja baadaye

Uliza kwanza: ni sauti ipi inayochelewa? Kama unarekodi sauti ya kinanda chenyewe, huna sababu ya kujisikiliza kupitia kompyuta. Zima usikilizaji wa programu, vaa hedifoni kwenye kinanda au kwenye kiolesura. Tatizo limekwisha.

Kama unapiga ala iliyo ndani ya kompyuta, kompyuta inahitaji muda wa kuitengeneza sauti. Muda huo unaitwa bafa, na unapimwa kwa sampuli, yaani vipande vidogo vya sauti ambavyo kompyuta huchukua kila sekunde. Kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1024 ni kama milisekunde 23 kwa upande mmoja tu, na vidole vinaisikia. Ishushe hadi 256, karibu milisekunde 6. Ikianza kutoa mikwaruzo na kukatika, kompyuta imelemewa: irudishe juu kidogo, funga kivinjari, zima Wi-Fi. Kwenye Windows, weka draiva ya ASIO (programu ndogo inayopunguza kuchelewa kwa sauti) ya mtengenezaji wa kifaa chako. Bila hiyo utashusha bafa mpaka uchoke.

Hedifoni za Bluetooth ziache pembeni wakati wa kurekodi. Ucheleweshaji wake haushushwi kwa mpangilio wowote wa programu. Spika za Bluetooth vilevile.

Kuna kuchelewa kwa aina nyingine, kusikosikika mpaka umalize: traki ya pili haikai juu ya ya kwanza. Audacity ina kipengele cha kufidia ucheleweshaji, na thamani yake ya mwanzo ni −130 milisekunde, makadirio ambayo huenda hayalingani na kifaa chako. Piga metronomu, irekodi tena kupitia waya, pima pengo kati ya milio miwili, weka namba hiyo.

## Noti mbili kwa kila kibonyezo, au staili haimo

Kila noti ikisikika mara mbili, na sauti imekuwa nene kama imeoshwa kwa maji ya sabuni, kinanda kinajipiga chenyewe huku kompyuta ikimrudishia MIDI ile ile. Zima Local Control, au zima utoaji wa MIDI wa ile traki kurudi kwa kinanda. Moja wapo, usizime zote mbili.

Umepiga na staili, lakini kwenye kompyuta umeingia mkono wa kulia tu? Vinanda vingi havitumi midundo ya staili kwa MIDI mpaka uruhusu kwenye mipangilio. Mimi husema: kama unataka kile kinanda kisikike kama kilivyosikika, rekodi sauti yake. MIDI ya staili ukiipeleka kwenye ala za kompyuta hutoka kama mlio wa simu za zamani, kwa sababu ala zinazoisoma si zile za kinanda. Faili halina kosa.

## Wimbo umepanda au umeshuka

Ukisikika juu kwa karibu robo tatu ya toni nzima, na kasi imeongezeka kidogo, faili la sampuli 44,100 kwa sekunde linachezwa kama la 48,000. Hutokea sana wanapounganisha sauti na video. Weka mradi mzima kwenye kasi moja tangu mwanzo.

Kama kasi iko sawa lakini ufunguo si wenyewe, kagua transpozi (kipengele cha kuhamisha ufunguo) na kitufe cha oktava. Wapiga vinanda wa kwaya hupandisha transpozi kumfuata mwimbishaji, wanasahau, wanarekodi siku tatu baadaye. Halafu kagua urekebishaji wa jumla, uwe 440.

## Noti zinazogoma, zinazokatika, zinazopiga kelele

Noti zisizokoma: pedali. Ukiwasha kinanda huku mguu umekanyaga pedali, inageuka, ikikanyagwa inakata na ikiachiwa inashika. Zima, ondoa mguu, washa.

Noti ndefu zinakatika katikati ya wimbo wenye staili na pedali: kinanda kimefika mwisho wa idadi ya noti kinazoweza kutoa kwa pamoja. PSR-E273 ni 32, E373 ni 48, na staili inakula fungu lake humo humo. Punguza sauti zilizopandishwa, achia pedali mara nyingi zaidi, au rekodi staili kwanza na melodi baadaye.

Kibonyezo kimoja kinapiga kelele kuliko wenzake? Hapa MIDI inakuwa daktari mzuri. Rekodi MIDI, gonga kibonyezo hicho mara kadhaa polepole, angalia nguvu iliyoandikwa. Ikija 127 kila mara huku jirani zake wakionyesha 40 au 60, mguso ulio chini yake umechafuka au raba yake imechoka. Kama vyote vinaonyesha namba moja, hakuna kilichoharibika: hisia ya mguso imezimwa kwenye mipangilio. Kusafisha raba kunahitaji kutoa safu nzima ya vibonyezo na kutumia spiriti ya isopropili, kamwe usitumie petroli wala mafuta ya kutu. Kama hujawahi kufanya hivyo, mwachie fundi. Kinanda kilichomwagikiwa soda au chai nacho hakijaribiwi kuwashwa "kuona kama kinafanya kazi". Chomoa umeme, toa betri, kipeleke.

## Flashi inakataliwa, au rekodi imepotea

Flashi kukataliwa mara nyingi ni suala la mfumo wa faili. Vinanda vingi vinataka FAT32. Flashi kubwa za siku hizi huja na exFAT. Ifomati ndani ya kinanda chenyewe, lakini hamisha vilivyomo kwanza, maana kufomati hufuta. Chomeka moja kwa moja, bila habu. Kuhusu nafasi usihofu: WAV ya stereo hula takriban MB 10 kwa dakika.

Kwenye vinanda vya PSR-S na PSR-SX, wimbo wa MIDI uliorekodi haujahifadhiwa mpaka uuhifadhi mwenyewe. Ukizima umeme, umekwenda. Umeme wenyewe nao, uwe LUKU imeisha au mtaa mzima uko gizani, haukuulizi. Kuna pia kujizima kwenyewe: Yamaha nyingi hujizima baada ya dakika 30 bila kuguswa. Ukienda kula ukiacha kazi haijahifadhiwa, utarudi kwenye skrini nyeusi. Kizime kipengele hicho siku ya kurekodi.

Na mtu akikushauri "rudisha kinanda kiwandani", jua unachokubali. Kwenye PSR-E, kuwasha umeshikilia kibonyezo cheupe cha mwisho kulia kunafuta kumbukumbu iliyohifadhiwa, zikiwemo nyimbo zako. Hamishia kompyuta kwanza.

Umeme ukikatika katikati ya kurekodi WAV, faili linaweza kuonyesha sekunde 0 ingawa ukubwa wake ni makumi ya MB. Sauti imo, kichwa cha faili ndicho hakijaandikwa. Nakili faili hilo kwenye kompyuta, kisha katika Audacity chagua kuingiza data ghafi: biti 16, stereo, 44,100, mpangilio wa baiti wa "little-endian". Ikisikika kama mvua ya kelele tupu, ongeza baiti moja kwenye nafasi ya kuanzia, ujaribu tena. Ukubwa wenyewe ukiwa sifuri, usiandike kitu kingine chochote kwenye flashi hiyo, usiifomati hata kinanda kikikuomba. Itoe, na kama rekodi ni ya harusi au ya msiba isiyoweza kurudiwa, ipeleke kwa mtaalamu wa kuokoa data kabla ya kujaribu programu yoyote ya bure.